Mafuta na shahamu

Msomaji wetu wa Ujiji, Kigoma, anaeleza kwamba mwanawe amefundishwa kuwa mafuta ni yale yanayomiminika, na shahamu ni mafuta yaliyoganda. Anauliza kama ndivyo.

Ndugu msomaji, kanuni hiyo ni rahisi kukariri, lakini haisimami, na ushahidi wa kuivunja umo jikoni mwako. Mawese yaliyolala ndani ya dumu hukutwa yameganda asubuhi yenye baridi, hata ikabidi yaanikwe juani au yasogezwe karibu na moto ndipo yamiminike. Wala sijamsikia mtu wa Kigoma, awe muuzaji au mnunuzi, akiyaita shahamu kwa sababu hiyo. Yakiganda ni mafuta, yakiyeyuka ni mafuta.

Kinachoyatenga maneno haya ni mahali kitu kilipotoka. Shahamu ni sehemu ya mwili wa mnyama au wa binadamu: ule unono ulio chini ya ngozi, unaozizingira figo, au unaoujaza mkia wa kondoo, nao hukatwa kwa kisu kama nyama. Mchikichi hauna shahamu, wala alizeti. Mafuta ni neno pana mno, linalobeba ya kupikia, ya kujipaka, ya taa na hata ya gari, na shahamu yenyewe huingia humo. Kwa hiyo mteja anayemwambia muuza nyama "nipunguzie mafuta" hajakosea. Ametumia neno la jumla tu. Hata hivyo, ningependa sana neno shahamu lisiachwe, kwa sababu "mafuta ya nyama" huweza pia kuwa yale yaliyochuruzika kikaangoni, ambayo Kiswahili kina jina lake zuri, uto.

Kisarufi, twasema shahamu imezidi, lakini mafuta yamezidi, nayo hayana umoja. Mafuta ni neno la Kibantu, ndugu wa amavuta ya Waha na maguta ya Wanyamwezi, ilhali shahamu limetoka katika Kiarabu.

Mwambie mwanao ajaribu sentensi hii: "Mama aliiyeyusha shahamu ya ng'ombe, akapata mafuta." Kisha ayabadilishe maneno hayo mawili nafasi, aseme kwamba aliyayeyusha mafuta akapata shahamu, sikio lake litakataa.