Sukari kushuka bila kuwa na kisukari: yaliyonipata mwaloni

Ndugu yangu, umeuliza inakuwaje kaka yako, ambaye hana kisukari wala hajawahi kuandikiwa dawa zake, akutwe na sukari iliyoshuka. Nami yalinipata, hivyo nakujibu kwa niliyoyapitia na niliyoelezwa na daktari.

Nilikuwa navua dagaa upande wa Ukerewe, na siku za giza, mwezi usipoonekana, tulilala mchana tukafanya kazi usiku kucha. Siku hiyo sikuwa nimekula chochote tangu ugali wa udaga wa mchana wa jana yake, na baridi ilipozidi ziwani tukapokezana gongo. Alfajiri, tukishusha dagaa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapotia nanga, nilianza kutetemeka, jasho likanitiririka ingawa upepo ulikuwa mkali, na maneno yangu yakawa hayaeleweki. Wenzangu waliona ni ulevi tu, wakanilaza juu ya nyavu ili pombe iishe. Mama mmoja mnunuzi aliponishika mkono na kuuona umelowa na baridi, aligoma kabisa, akaita bodaboda.

Zahanati walikuta sukari milimoli 2.1 kwa lita. Kwa mtu asiye na kisukari, daktari huitilia maanani ikiwa chini ya takriban 3.0, dalili zipo, na zinaondoka sukari inapopandishwa. Zangu ziliondoka baada ya glukosi ya mshipani.

Alinieleza kwamba ini hutunza akiba ya sukari. Mtu akikaa saa nyingi bila kula, hasa akiwa na kazi nzito, akiba hupungua na ini hulazimika kutengeneza sukari mpya. Pombe huizuia kazi hiyo ya pili. Ndiyo maana nilikuwa nimekunywa mara nyingi nikiwa nimeshiba bila kuona lolote.

Hata hivyo hakuridhika na maelezo ya gongo peke yake, akapima malaria, na kwa ukanda wetu huu wa ziwa simlaumu. Malaria kali hushusha sukari, zaidi kwa watoto na wajawazito, na kwinini nayo huchochea kongosho kumwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, kwa hiyo dripu yake huwekwa pamoja na glukosi. Maambukizi makali yaliyosambaa katika damu, ini au figo zilizoshindwa kazi, na upungufu wa homoni ya kortisoli huleta hali hiyo hiyo. Uvimbe wa kongosho unaotoa insulini upo, lakini ni nadra, na sioni sababu ya kuanza kuogopa huo kabla ya hayo mengine.

Mweleze daktari saa ambayo kaka yako alizidiwa. Wapo ambao sukari yao hushuka saa chache baada ya kula, hasa waliowahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula, na hao shida yao si njaa.

Swali la daktari lililoniudhi lilikuwa kama nyumbani kuna mtu mwenye vidonge vya kisukari, maana baadhi yake vikimezwa kimakosa hushusha sukari. Alilirudia mara tatu. Mama yangu anavyo, na alikuwa akiviweka kopo moja na vidonge vya maumivu. Niliporudi tulivihesabu, hakikuwa kimepungua hata kimoja. Hata hivyo sasa vina kopo lake.