Mlezi naye alale: nilichojifunza kuhusu limfu ya ubongo

Mama alipoanza kuamka saa nane za usiku akidai anachelewa kazini, kazi aliyostaafu zamani, mimi ndiye niliyekuwa naamka naye. Miezi saba mfululizo. Mchana najikuta nimeshika funguo na sijui nilitaka kufungua nini, na moyo unaniuliza: na mimi ndiyo naanza kusahau kama Mama?

Hofu hiyo ndiyo iliyonipeleka kusoma. Limfu wengi tunaijua kwa zile tezi zinazovimba shingoni koo likiuma: mirija myembamba hukusanya maji na taka kutoka kwenye nyama za mwili, huyachuja kwenye tezi, kisha huyarudisha kwenye damu. Kwa muda mrefu wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba ubongo hauna mirija hiyo. Mwitaliano Paolo Mascagni alisema tangu 1787 kwamba ameiona kwenye utando wa juu wa ubongo, akapuuzwa. Mwaka 2015 timu ya Jonathan Kipnis huko Virginia, Marekani, na ya Kari Alitalo huko Helsinki zikaithibitisha kwa panya. 2017 ikaonekana kwa binadamu kwenye picha za MRI. Mzee wa watu hakuwa mwongo.

Lakini mirija hiyo iko kwenye utando tu. Ndani ya ubongo wenyewe kazi ni ya maji yanayouzunguka, kiasi cha mililita 150 kwa wakati mmoja, ingawa mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku. Mwaka 2012 mtafiti wa ubongo Maiken Nedergaard na wenzake walieleza kwamba maji haya huingia kandokando ya ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, yakisukumwa na mapigo yake, hupenya katikati ya seli, kisha hutoka yakiwa yamebeba uchafu. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba panya akilala, nafasi kati ya seli za ubongo hupanuka kwa takriban asilimia 60, na amiloidi beta, ile protini inayoganda kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, huondoka kwa kasi maradufu.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilifunga kitabu nikaanza kutafuta mkosaji. Mama alilala saa chache maisha yake yote kwa ajili yetu, kwa hiyo sisi ndio tuliomwumiza! Nilimwambia daktari wake hivyo, karibu na machozi. Akanijibu kwamba protini ile huanza kujikusanya miaka 15 au zaidi kabla ya dalili, na ugonjwa wenyewe huvuruga usingizi, kwa hiyo huwezi kuusoma kinyumenyume ukapata wa kulaumiwa. Tena ushahidi mwingi ni wa panya, na mwaka 2024 watafiti wa London waliwapima panya wakapata kinyume, kwamba usafishaji hupungua usingizini. Ubishi haujaisha. Kama unauguza mzazi, tafadhali acha kujihukumu kwa sayansi ambayo wanasayansi wenyewe bado wanavutana nayo.

Nilichobadilisha ni hiki: tuligawana usiku. Dada, kaka na mimi, kila mtu na zamu yake. Nilidhani kukesha peke yangu ndiyo mapenzi. Kumbe kiburi nacho kilikuwemo. Wiki ya tatu funguo zilianza kukumbukwa.

Dada ndiye aliyeniambia kwamba nakoroma hadi pumzi inakatika. Hilo usilicheke, lipeleke hospitali. Presha nayo pimwa na uitibu, maana mapigo ya ateri ndiyo pampu ya maji yale, na kwa panya wenye presha ya juu mtiririko ulipungua. Nilikuwa karibu kuomba vidonge vya usingizi. Kisha nikasoma kwamba mwaka 2025 kundi la Nedergaard lilikuta zolpidemu, mojawapo ya vidonge hivyo, ikififisha kwa panya mawimbi yanayosukuma maji hayo. Anayevitumia asiviache ghafla, azungumze na aliyemwandikia.

Na wauzaji wa dawa za "kusafisha ubongo" waambie kwaheri. Hakuna mafuta, chai wala mkandamizo wa shingo uliothibitishwa kuzuia wala kuponya Alzheimer. Kuna hata upasuaji wa kuunganisha mirija ya limfu ya shingo na mishipa ya damu, uliofanyiwa wagonjwa wengi wa Alzheimer nchini China hadi mamlaka ya afya ya huko ikaupiga marufuku mwaka 2025. Sisi tulikuwa tumeshaanza kuuliza bei. Familia iliyokata tamaa huuliza bei ya kila kitu.

Leo zamu ni ya kaka. Mama akitoka saa nane kutafuta viatu vyake vya kazini, atamkuta yeye mlangoni.