Muulize Fundi: Moshi, Dar na kurudi ndani ya saa 24

SWALI: Shikamoo Fundi. Sisi ni vijana watatu wa bodaboda, kijiwe chetu kipo karibu na stendi kuu ya Moshi. Mwezi uliopita nilimbeba mgeni mmoja akaniambia kwao Marekani kuna chama kinachotoa cheti kwa mtu aliyeendesha pikipiki maili elfu moja ndani ya saa 24. Wenzangu wamelipenda sana jambo hilo. Tumepiga hesabu, Moshi hadi Dar na kurudi ni kama kilomita 1,120. Tukiziweza hizo ndipo tufikirie za cheti. Tumepanga kufunga kazi Jumamosi saa kumi na mbili jioni, tuingie barabarani usiku wakati magari ni machache, na Jumapili jioni tuwe tumerudi. Pikipiki mbili ni cc 125, moja ni cc 150. Cheni na matairi tumebadilisha. Tujiandae na nini kingine?
Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiisoma nakwama pale uliposema "kufunga kazi". Cheni mpya, matairi mapya, halafu dereva ameanza kusaka abiria tangu saa kumi na moja alfajiri. Hesabu mwenyewe. Ikifika saa nne usiku utakuwa umekaa macho kwa saa 17, na kwa mwendo wa cc 125 mtakuwa ndiyo kwanza mnakaribia Mombo. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwapima watu waliokaa macho kwa muda huohuo, wakakuta akili na mikono yao imezubaa sawa na mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Hujaonja hata glasi, lakini unaendesha kama mlevi. Na hapo Dar bado, na kurudi bado.

Chama alichokutajia mgeni wako kipo kweli, kinaitwa Iron Butt Association. Maili elfu moja ni kilomita 1,609, maana yake wastani wa kilomita 67 kwa saa mchana na usiku, humohumo kujaza mafuta, kula na kujisaidia. Wengi wao hutumia pikipiki kubwa kwenye barabara zenye njia mbili au zaidi kila upande, zisizo na tuta wala kibao cha 50 kila kijiji. Hata hao husisitiziana kuanza safari wakiwa wamelala vya kutosha. Ushahidi wao ni risiti za mafuta zenye saa na mahali. Hilo hata ninyi mnaweza kulifanya, risiti za EFD za sheli zetu zinaonyesha vyote viwili.

Kuhusu usiku, hesabu yenu ni ya zamani. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa kusafiri usiku, malori hayajawahi kulala, na ukiongeza lori lililoharibika bila taa wala viakisi, pamoja na ng'ombe na punda wa Same, taa ya cc 125 haikuonyeshi kitu mpaka umeshakifikia. Kwa mwendo wa 80 unakata mita 22 kila sekunde. Mimi siwezi kukuandikia jinsi ya kuifanya safari hiyo vizuri, kwa sababu sijui namna yoyote nzuri ya kuifanya kwa pikipiki hizo na kwa ratiba hiyo.

Ila hamu yenu naijua, nimeionja. Ngoja nikueleze siku moja.

Juni 2021 tulitoka Moshi watatu: mimi, shemeji yangu, na mwalimu mmoja jirani yangu hapa Pasua. Tulitaka kutoka mlimani hadi baharini kwa mwanga wa siku moja tu. Huku kwetu jua linakupa kama saa 12, na hizo zinatosha kabisa ukizitumia vizuri. Hatukulenga Dar mjini. Tulipanga kukata kushoto pale Msata tushike lami ya Bagamoyo, tuepuke malori ya Chalinze na Kibaha. Ni kama kilomita 480 hivi. Tuliwasha saa kumi na mbili na robo, baridi inauma vidole, mlima umefunikwa.

Same tulikunywa chai saa mbili. Kutoka hapo upepo wa pembeni unasukuma kweli. Basi likikupita, kwanza unasukumwa pembeni, kisha unavutwa kuelekea kwake, kwa hiyo usikae karibu na mstari wa katikati na usikaze mikono. Hedaru, Mkomazi, joto linapanda, koti unalifungua zipu. Mombo tulijaza mafuta, shemeji akanunua matunda damu ya wale akina mama wa Lushoto, Korogwe tukala ugali na samaki saa tano na nusu. Kila kitu kilikuwa sawasawa, na hapo ndipo ninapotaka usome taratibu.

Tulipopita Kabuku mimi nilikuwa wa mwisho. Mwalimu alikuwa mbele yangu kama mita arobaini. Niliona bega lake la kushoto limeshuka kidogo, kama mtu anayetaka kuangalia injini. Kisha taa yake ya nyuma ikaanza kuhama polepole kuelekea pembeni, ikauvuka mstari mweupe, tairi likagusa changarawe, na vumbi jembamba likainuka. Hakushika breki. Asiyeshika breki anapotoka nje ya lami hayupo pale. Nilipiga honi bila kuiachia. Akashtuka, akayumba mara mbili, akarudi barabarani. Mungu alimpenda, kwa maana lori lililokuwa linakuja upande wa pili lilitupita sekunde chache baadaye.

Tulisimama chini ya mwembe kabla ya Mkata. Alivua helmeti, mikono inatetemeka, akasema: usiku wote nilikuwa nasahihisha mitihani, nimelala kwa saa moja na nusu tu. Nikamuuliza kwa nini hukusema asubuhi? Akanijibu, "Mngeahirisha kwa ajili yangu." Akalala palepale dakika 25, helmeti chini ya kichwa, sisi tumekaa tunamfukuzia nzi. Mpaka leo nikipiga plagi ya mtu msasa nalikumbuka lile vumbi. Kosa halikuwa la mwalimu peke yake. Mimi mkubwa wao nilikuwa nimekagua cheni tatu, tairi sita na oili, na sikumuuliza mtu hata mmoja amelala kwa saa ngapi.

Baada ya hapo tuliwekeana utaratibu, na huo ndio jibu langu halisi kwa swali lako. Kila mnaposimama, kila mtu anaulizwa kwa zamu, kwa jina lake: umelala kwa saa ngapi jana, macho yakoje, mara ya mwisho umekunywa maji saa ngapi. Anayeulizwa anajibu kwa sauti. Barabarani, anayegonga helmeti yake mara mbili kwa kiganja anasema "nimechoka", na wote mnatafuta pa kusimama bila swali wala mzaha. Mkimcheka mtu mara moja tu, hatagonga tena. Nyie wa kijiweni mnajua utani wetu ulivyo mkali. Siku hiyo uacheni nyumbani.

Mpangilio: cc 125 iliyo dhaifu zaidi itangulie, ndiyo iamue mwendo, 65 hadi 70 inatosha na injini haitapiga kelele. Mwenye uzoefu mkubwa akae nyuma, kwa sababu nyuma ndipo panapoonekana kila kitu. Msifuatane kwenye mstari mmoja. Mmoja kulia kwa njia yenu, anayefuata kushoto, na kati yako na aliye sawa na wewe mbele ziwe sekunde mbili. Chagua nguzo, akiipita anza kuhesabu.

Kahawa ni nzuri ukiinywa kisha ukalala dakika 20, unaamka wakati inaanza kufanya kazi. Vinywaji vya kuongeza nguvu mnavyokunywa kijiweni vinaficha usingizi tu, deni liko palepale. Mirungi usiiguse, na sheria imeikataza.

Cheni mpya: umesema mmebadilisha, vizuri. Nenda ukaitazame klipu ya kiungo. Upande uliozibwa uelekee kule cheni inakokwenda, mdomo ulio wazi ubaki nyuma. Nimeshaziona nyingi zimewekwa kinyume, na klipu ikidakwa na kitu inaruka, cheni inafuata. Kisha zungusha tairi la nyuma taratibu, pima ulegevu sehemu nne, si moja. Uwe kama sentimita mbili na nusu hadi tatu pale katikati. Na cheni mpya inalegea kwenye kilomita mia chache za mwanzo, kwa hiyo ifungeni wiki nzima kabla, mfanye nayo kazi, muikaze tena. Bebeni tyubu, pampu, kebo ya klachi, plagi moja kila pikipiki. Oili ipimwe kila mnapojaza mafuta, pikipiki ikiwa imesimama wima na injini imetulia dakika chache. Injini ndogo ina lita moja hivi tu, ikipungua robo hiyo ni nyingi.

Daraja la Wami sisi tulivuka lile la zamani, jembamba, gari moja kwa zamu. Jipya lilianza kutumika 2022, mtapita bila kungoja.

Tulifika Bagamoyo saa kumi na moja na dakika arobaini. Mwalimu alivua viatu akaingia majini na suruali yake. Nendeni Bagamoyo, mdogo wangu. Mlale Ijumaa saa tatu usiku, Jumamosi msifanye kazi, mlale tena, Jumapili muondoke na mwanga. Mlale kulekule, mrudi Jumatatu. Fedha ya siku mbili mtakayokosa naijua, ndiyo maana nasema muanze kuweka akiba sasa. Mkirudi, njoo Pasua na risiti zenu nizione.

SWALI: Fundi, mume wangu na wenzake wanne wanataka kwenda Arusha hadi Dodoma kwa pikipiki siku moja kupitia Babati na Kondoa. Anataka nikae nyuma. Nina miaka 46 na mgongo wangu si mzuri. Nikikataa atajisikia vibaya.
Mama wa Sakina, Arusha

JIBU: Dada yangu, hiyo ni kama kilomita 425, na aliyekaa nyuma huchoka kabla ya dereva kwa sababu haoni tuta linakuja. Njia yenyewe ni nzuri, lami ilikamilika 2018, na pale Kolo kuna michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mwambie wasimame, inastahili. Lakini usikatae wala usikubali yote. Kaa nyuma mpaka Babati, ni kama kilomita 170, kunyweni chai pamoja, kisha wewe panda basi la Dodoma umsubiri mbele. Kabla ya siku yenyewe mfanye jaribio la Arusha hadi Makuyuni na kurudi, ili mgongo useme wenyewe. Ukikaa nyuma, usibebe begi mgongoni. Lifungwe kwenye keria kwa mpira wa tyubu, na helmeti yako iwe ya saizi yako, uijaribu kwa kutikisa kichwa: ikizunguka peke yake, rudisha dukani.