Jibu: Wakili anataka pesa kwanza, na mimi sina

Waalaykum salaam dada. Nimekufahamu: uko Wete, Pemba, mume kakuacha na watoto watatu, matunzo hatoi, na wakili anataka pesa kabla hajafungua faili.

Usikope. Matunzo ni kazi ya Mahkama ya Kadhi, na pale mtu husimama akajieleza mwenyewe. Kwanza tazama cheti cha talaka. Hukusema kama unacho, na bila hicho mume anaweza kukana talaka. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia.

Halafu mwulize sheha, kiongozi wa shehia yenu, nani msaidizi wa sheria wa jimbo lenu. Hawa hawatozi. Hakusimamii mbele ya kadhi kama wakili, lakini dada yangu alipodai matunzo, msaidizi alikaa naye barazani wakaandika kila kitu kwa tarehe: lini mume alileta mchele, lini alilipa ada ya chuoni (madrasa), lini alikata. Kadhi alipouliza, dada yangu alikuwa na la kujibu.

Ukikwama, panda gari uende Chake Chake, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar wana ofisi huko. Msaada huu uko ndani ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 kwa wasio na uwezo, kwa hiyo nenda bila haya. Atakayekuomba ya chai, mkatae.