Wiski Moja, Mapipa Mawili

SWALI: Mhariri, ninahudumu katika baa ya hoteli moja Nungwi. Tuna chupa mbili za wiski ya Scotland za toleo dogo, za kiwanda kimoja na umri mmoja, lakini moja ina rangi ya asali na nyingine ya chai ya rangi. Je, moja imetiwa rangi?

JIBU: Si lazima, ndugu yangu, ingawa sheria inaruhusu kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Wiski hiyo ya kimea cha shayiri hutoka mtamboni nyeupe kama maji, kisha hulazwa huko huko Scotland katika pipa la mwaloni kwa miaka isiyopungua 3, na humo ndimo inamopata rangi na sehemu kubwa ya ladha yake. Pipa lililohifadhi burboni, yaani wiski ya mahindi ya Marekani, ambalo ndani huunguzwa kwa moto, huleta vanila na nazi. Lililotiwa sheri, mvinyo mkali wa Uhispania, huleta rangi iliyokolea zaidi, zabibu kavu, pamoja na harufu ya mdalasini na karafuu ambayo Mzanzibari haimpotei. Mgeni umpe kwanza ile nyepesi, ya rangi ya asali, bila barafu, kwani baridi huficha harufu. Matoleo haya mara nyingi huzidi asilimia 50 ya kileo, hivyo mwekee maji karibu. Matone machache huifungua harufu, jambo unaloweza kulithibitisha kwa pua tu, bila kuonja.