Maswali Yenu: Punda Asiyelalamika na Kisima Kilichoingia Chumvi

Kaskazi inakwisha, kusi haijaingia, na ukiketi barazani huoni hata pindo la leso likitikisika. Ndiyo maana, nadhani, barua za safari hii karibu zote ni za joto, kiu na chumvi. Nimezifupisha.

*Assalaam alaykum Maalim. Nina punda wawili wa kubebea mchanga. Nawanywesha mara moja tu, jioni, na hakuna aliyewahi kuanguka. Jirani asema nawadhulumu. Nani mwenye haki? (Mwenye punda, Langoni, Lamu)*

Waalaykum salaam. Mwenye haki ni jirani yako.

Nawe sikulaumu sana, maana aliyekudanganya ni punda mwenyewe. Asili yake ni punda mwitu wa nchi kavu za Somalia, Eritrea na Ethiopia, ambako kutoka maji hadi maji ni safari. Mwili wake unaweza kupoteza maji hata robo ya uzito wake naye akabaki amesimama. Binadamu angekwisha kuzikwa. Kisha akipata maji hunywa kwa dakika chache akarudisha karibu yote. Huo ni ufundi wa jangwani, wa mnyama anayekaa kivulini jua likiwa kali na kutembea likipoa. Punda mwitu habebi mchanga saa sita mchana kupanda vichochoro vya Mkomani.

Jambo la pili ni kwamba punda haonyeshi maumivu. Farasi akiumwa utajua, atahangaika na kupiga kwato. Punda hunyamaza. Juzi pale gatini nilimwona mmoja amesimama, masikio yamelegea, mguu mmoja wa nyuma ameupumzisha, na mwenyewe akasema, "Huyu ametulia." Tulipoinua shogi, ule mfuko wa mzigo wa mgongoni, chini yake palikuwa na kidonda cha upana wa kiganja, nzi wamekwisha kukijua.

Kwa hiyo usingoje aanguke. Bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili uiachie: ikirudi polepole, ana kiu tangu kitambo. Siku ya kazi na jua weka hesabu ya debe zima la lita 20 kwa kila punda, nawe uligawe: asubuhi kabla ya mzigo, mchana, na jioni. Na kwa kuwa masika yako njiani, jua pia kwamba manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi. Hulowa hadi ngozini. Makuti machache juu ya vijiti vinne yanatosha. Kwato nazo haziwezi kushinda topeni, huoza.

Wazee walisema asiye na punda ni punda. Mwenye naye hawakumsemea kitu, nafikiri walidhani anajua.

*Ni kweli kasa hulia akitaga mayai kwa uchungu wa uzazi? (Mwanafunzi, Faza)*

Hulia, ila si kwa uchungu. Maji ya bahari anayoyameza yana chumvi nyingi kuliko figo zake zinavyoweza kuitoa, basi ana tezi karibu na macho zinazoitoa ikiwa majimaji mazito yenye chumvi kuliko bahari yenyewe. Baharini hufanya hivyohivyo mchana kutwa, ila humwoni. Na akiwa anafukua mchanga, machozi hayo humsafishia macho.

*Nimehamia Lamu kikazi kutoka Nakuru. Mbona nyumba za zamani hazina madirisha upande wa njiani, na vyumba ni virefu lakini vyembamba kama korido? Nimepanga nyumba mpya ya bloku, na usiku silali kwa joto. (Mgeni)*

Karibu, ndugu yangu, na pole.

Wembamba wa chumba ni hesabu ya mti. Dari ya nyumba ya kale hubebwa na boriti za mikoko, na juu yake mawe na chokaa, mzigo mzito kwelikweli. Boriti ikivuka mita mbili na nusu hivi huanza kupinda. Basi fundi alirefusha chumba atakavyo, lakini upana aliuachia mkoko uamue.

Kuta nazo ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu futi moja na nusu. Jua la mchana kutwa halifiki ndani kabla ya jioni, na usiku ukuta unapoa tena. Njiani hapakutobolewa dirisha kwa sababu ya staha, hilo ni la kwanza. Hewa na mwanga huingia kwa kiwanda, yaani ua wa katikati ulio wazi juu: hewa moto hupanda, ya chini hubaki baridi. Jiko liliwekwa juu kabisa, moshi na joto viende zao. Na vichochoro vyembamba unavyovilalamikia ukiwa na begi lako ndivyo vinavyofanya nyumba mbili ziwekeane kivuli.

Bibi yangu alikuwa na chumba cha ndani kabisa ambako mchana wa Machi ulitoka juani ukaingia ukahisi kama umemwagiwa maji. Hakukuwa na feni. Kulikuwa na giza, sikatai, na harufu ya karafuu na nguo za sanduku.

Bloku jembamba na bati hupokea joto mchana na kulirudisha ndani usiku, saa unazotaka kulala. Huwezi kuibomoa nyumba ya mwenyewe, lakini muombe akuruhusu kuezeka makuti juu ya bati na kuacha pengo la hewa katikati. Paka chokaa nyeupe ukuta wa magharibi. Na ukija kununua nyumba ya kale, usikubali fundi aipige plasta ya saruji: chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huufungia unyevu ndani hadi uanze kumeguka.

*Mikoko yaishije kwa maji ya chumvi, na mwembe wetu ulikufa kwa bamvua moja tu, bahari ilipojaa kupita kiasi? (Mama wa Matondoni)*

Kila mti una njia yake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi kama miguu ya kaa, huizuia chumvi nyingi mizizini isiingie. Mchu, mkoko wa aina nyingine, huiruhusu ikaingia kisha huitoa majanini. Jaribu: chuma jani la mchu siku isiyo na mvua, ulirambe. Mimi nimeramba, ni kama kuramba korosho za chumvi za barabarani. Chumvi si shida peke yake, matope yale hayana hewa. Ndiyo maana mchu hutoa vijiti vilivyosimama kama penseli kuuzunguka, navyo ndivyo pua zake. Mwembe hauna hata kimoja kati ya hivyo, maskini.

*Mimi huzamia kamba mawe bila mtungi wa hewa. Mwenzangu hupumua harakaharaka kama mara ishirini kabla ya kuzama, asema pumzi huzidi. Nimuige? (Kijana, Kizingitini)*

Usimuige, na umwambie aache leo. Kinachokusukuma utafute hewa si kupungua kwa oksijeni, ni kujilimbikiza kwa kaboni dayoksaidi. Kupumua haraka hakuongezi oksijeni ya maana. Huifukuza tu hiyo kaboni. Yaani amezima kengele, moto bado unawaka. Atajiona ana nguvu, na akiwa anapanda, karibu kabisa na juu, atazimika bila kuhisi chochote.

Watu waliozaliwa kwa kazi hii wapo. Wabajau wa Indonesia wamezamia kwa vizazi vingi, na utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta bandama zao ni kubwa kwa karibu nusu kuliko za jirani zao wasiozamia. Bandama hujikaza mtu anapozama na kumwaga chembe nyekundu za damu zilizobeba oksijeni. Iliwachukua vizazi na vizazi, kijana wangu, na wewe una mchana mmoja. Zamieni wawili wawili, mmoja chini na mmoja juu anaangalia.

*Kisima chetu cha Shela kilikuwa kitamu. Tangu tuweke pampu ya umeme maji yana ladha ya chumvi. Fundi asema tukichimbe zaidi. (Bi mkubwa, Shela)*

Shikamoo Bibi. Fundi asiguse.

Mvua inayonyea machuguu ya mchanga hushuka ikachujwa, kisha hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini, kwa sababu maji matamu ni mepesi. Hesabu yake inatisha: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari imebeba karibu mita 40 chini yake. Ukishusha ile ya juu kidogo tu kwa pampu, ya chumvi hupanda kwa mita nyingi. Ndoo na kamba ilikuwa haiwezi kufanya hivyo, mikono ilichoka kwanza. Ukichimba zaidi utakuwa unaifuata chumvi kwao.

Zimeni pampu majuma kadhaa, mchote kwa ndoo, na mvua zikianza mkinge za darini kwenye tangi. Baada ya masika onjeni tena. Mkiiwasha, iwe dakika chache alfajiri na chache usiku, na kisima kiachwe kijae katikati. Na yule jirani anayechota mchanga wa machuguu kuuza kwa wajenzi, mwambieni ndilo paa la kisima chenu analolipakia kwenye punda.