Sukari yenye mionzi na mvuvi wa Sengerema

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa, naye amethibitika kuwa na saratani ya matezi ya shingoni. Ametakiwa aende Dar es Salaam kwa kipimo cha PET, ambacho mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye mionzi. Baba ana kisukari pia, na majirani wanasema sukari ndiyo chakula cha saratani. Je, hatutaulisha ugonjwa? Na akirudi, ataweza kuwapakata wajukuu?
– Binti wa Mvuvi, Sengerema

JIBU: Marahaba, mwanangu. Majirani hawakukosea sana. Otto Warburg wa Ujerumani alionyesha tangu miaka ya 1920 kwamba seli za saratani hula sukari kwa pupa, na kwa pupa hiyo ndipo zinaponaswa. Anayochomwa baba si sukari ya chai, bali ni glukosi iliyofungwa fluorini-18, ambayo ndiyo yenye mionzi. Seli huimeza, hushindwa kuitumia, nayo hukwama humo ikitoa ishara ambazo mashine huzisoma. Kiasi chake hakifikii hata punje moja ya sukari ya jikoni, kwa hiyo hakilishi kitu.

Kisukari ndicho cha kuangaliwa. Damu ikijaa sukari ya kawaida, ile ya kipimo hukosa nafasi ya kuingia kwenye seli, na ndiyo sababu mgonjwa hufungishwa kula kwa saa nne hadi sita, na vituo vingi huahirisha kipimo sukari ya damu ikizidi takriban 11 (mmol/L). Baba asijichome insulini karibu na kipimo bila kuelekezwa, maana huisukuma dawa kwenye misuli. Kwa sababu iyo hiyo asivute nyavu siku ya kuamkia kipimo, la sivyo mabega yake yatawaka kwenye picha. Baada ya sindano atakaa kimya kwa muda wa saa moja hivi, na hata mazungumzo hayatakiwi.

Picha ikitoka, msiogope kila kinachowaka. Ubongo huwaka daima, kibofu vilevile, na kifua kikuu, ambacho kwetu si kigeni, huweza kuwaka sawasawa na saratani. Anayesimama Capri Point, jijini Mwanza, usiku wa giza huziona taa za wavuvi ziwani na kujua kwamba kuna kazi inafanyika, ila hawezi kusema wamevua nini. Doa jipya lenye shaka huhitaji kukatwa kipande kidogo cha nyama kikachunguzwe.

Kuhusu wajukuu: nguvu ya fluorini-18 hupungua kwa nusu kila baada ya dakika 110 (ndiyo maana hamwezi kuletewa dawa hii Mwanza kwa basi), na nyingine hutoka kwa mkojo. Siku ya kipimo anywe maji kwa wingi na akae mbali na watoto wachanga na wajawazito. Akishafika Sengerema, awapakate tu.

SWALI: Nimesikia mionzi hiyo hiyo sasa inatibu tezi dume. Ni kweli?
– Msomaji, Kirumba

JIBU: Si hiyo hiyo. Seli nyingi za saratani ya tezi dume zina protini iitwayo PSMA juu ya ngozi yake, na wanasayansi wametengeneza molekuli inayoing'ang'ania. Molekuli hiyo ikibebeshwa galiamu-68, metali yenye mionzi, inaonyesha ugonjwa ulipo. Ikibebeshwa lutesiamu-177, metali nyingine yenye mionzi, inauchoma pale pale, kwa mionzi isiyosafiri zaidi ya milimita mbili hivi. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani aidini yenye mionzi imetumika kutibu tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, tangu miaka ya 1940. Marekani iliidhinisha tiba ya lutesiamu mwezi Machi 2022 kwa saratani iliyosambaa na kushinda dawa nyingine. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 15.3, ilhali kwa waliopata matunzo ya kawaida pekee ilikuwa miezi 11.3. Huko ni kurefusha maisha, si kuponya. Kinywa hukauka, kwa kuwa tezi za mate nazo huidaka dawa, na ambaye uvimbe wake hauonekani kwenye picha ya PSMA hapewi tiba hii kabisa.